Kikundi cha wanaume Nkuhungu: tuendesheje vikao visigeuke kijiwe cha kulalamika?

Mkazi_Nkuhungu

Habari za majukumu wakuu.

Mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, wanaume 18 tumekubaliana kukutana kila baada ya wiki mbili. Si kikoba wala tawi la chama. Nia ni kujengana: mwanaume aongozeje nyumba, kazi na watoto bila kuwa askari wa zamu ndani ya nyumba yake, na bila kukaa kama kinyago huku mambo yakijiendea. Wamo bodaboda 6, mafundi ujenzi 4, watumishi 5 waliohamia na serikali (watatu familia zao bado ziko Dar), wakulima wa zabibu 2 na mzee mmoja mstaafu. Mdogo ana miaka 22, mkubwa 67.

Nimepewa jukumu la kuwezesha. Hofu yangu ni kwamba kikao cha wanaume hakichelewi kuwa kijiwe. Mnaanza na malezi, baada ya dakika kumi mmefika kwenye "wanawake wa siku hizi", halafu mnaagana. Naomba msaada kwa wanaojua kazi hii. Idadi hii inafaa? Kikao kigawanywe vipi? Mtu anajifunzaje uongozi kwa vitendo badala ya kuhubiriwa? Na tutajuaje kama kuna kinachobadilika?

Mwezeshaji_Ipagala

Gawa kikundi kwanza. Watu 18 kwa dakika 90 ni dakika 5 kila mmoja, na hapo hujatoa salamu, mada wala waliochelewa. Watasema wale wale watano wenye maneno, waliobaki watakuwa watazamaji. Fanya vikundi viwili vya watu 9. Changanya umri na kazi, lakini usiweke pamoja mtu na mkwewe, msimamizi na kibarua wake, wala mdai na mdaiwa. Mwenye bodaboda na dereva anayempelekea hesabu ya kila siku nao watenganishe, maana dereva hatasema ukweli wa maisha yake mbele ya mtu anayeweza kumnyang'anya pikipiki kesho.

Kalenda ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kama Desemba hadi Aprili, na hata wenye ajira mjini wengi wana shamba Bahi, Chamwino au Kongwa. Kikundi kinachoanza Novemba kinakufa Januari kwa sababu watu wako shambani, kisha inasemwa wanaume hawako makini. Anza Mei. Vikao 12 vya kila wiki mbili vinakufikisha Oktoba, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba. Siku iwe Jumapili, saa 8 mchana hadi 9:30. Wakristo wametoka ibadani, Waislamu wameshaswali Adhuhuri na wanawahi Alasiri, na bodaboda hawakosi abiria wa jioni.

Mahali: baa hapana, hata kama ni soda tu. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo hapana, kwa sababu pale watu wamezoea kushtakiana, kila atakayefungua mdomo atajitetea. Darasa au ua wenye kivuli unatosha. Kaeni duara na viti viwe vya kimo kimoja. Mzee akipewa kochi na wengine benchi, kikao kimeshapata hakimu. Miezi ya kiangazi upepo wa hapa unabeba vumbi na sauti, kwa hiyo kaeni upande ambao ukuta unaukinga. Wenye sauti ndogo wasiposikika mara mbili hawajaribu ya tatu.

Sasa dakika 90 zenyewe. Kumi za mwanzo ni duru ya kuingia: kila mtu aseme niliahidi nini kikao kilichopita, nimefanya au sijafanya. Sentensi mbili, bila maelezo. Kisha mada, dakika 20, na mtoa mada azungumze zisizozidi 8, zilizobaki ni maswali. Baada ya hapo dakika 40 za kesi moja, na hapa ndipo kikao kinapopata uzito wake. Dakika 15 za ahadi mpya, 5 za kufunga. Saa ishikwe na mtu mwingine, si wewe.

Kesi inakwenda hivi. Mmoja anaeleza jambo lake dakika 5. Dakika 15 zinazofuata wenzake wanauliza maswali tu. Hakuna ushauri, na hakuna ushauri uliovikwa nguo ya swali, kama "kwani huwezi kumwambia tu ahame?" Baada ya hapo mwenye kesi anaulizwa kama anataka ushauri. Akisema ndiyo, wenzake wanapewa dakika 10. Dakika 10 za mwisho ni zake: anasema amesikia nini na atafanya nini. Sababu ya kuzuia ushauri ni kwamba wanaume wengi tumelelewa kuona tatizo la mwenzako ni nafasi ya kuonyesha unajua. Anayeshauri dakika ya pili hajasikia hata nusu ya jambo, na mwenye kesi akiona hivyo hufunga mlango, anacheka, anasema "aah ni mambo madogo". Ukisikia sentensi hiyo, ujue mmempoteza.

Kanuni ziwe chache na ziandikwe. Ile itakayokukinga na kijiwe ni moja: mtu azungumze kwa "mimi". "Wanawake wa siku hizi hawaheshimu" hairuhusiwi. "Jana mke wangu alinijibu mbele ya watoto, nikaona nimedharauliwa" inaruhusiwa, na ina kazi ya kufanya ndani yake. Mtu akiteleza, mwenye saa aseme neno moja tu, "mimi", na msemaji aanze upya sentensi yake. Kanuni nyingine: hakuna aliyekunywa kuingia, hakuna kukopeshana kupitia kikundi, mgombea wa chochote hapewi nafasi ya kusalimia. Siri inabaki kikundini, ila siku ya kwanza kabisa tangazeni mpaka wake: mtoto anayeumizwa, au mtu aliye katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha serikali ya eneo lake. Wasiojua hilo mapema wataona wamesalitiwa.

Kuhusu uongozi kwa vitendo. Wanaotafiti jambo hili huugawa uongozi wa kweli katika mambo manne: kujijua, kuwa wazi kwa unaowaongoza, kupima hoja inayokupinga kabla ya kuamua, na kusimamia unachoamini hata ukisukumwa. Maneno mazuri, lakini mtu hawezi kwenda nyumbani "kuwa wazi". Anaweza kwenda kumwonyesha mkewe salio la mkopo kabla ya Jumamosi. Hiyo ndiyo ahadi. "Nitakuwa baba bora" si ahadi, ni matumaini, ikataeni. Ahadi iwe na kitendo, mtu na siku, na iwe ndogo kiasi kwamba asipoifanya hana pa kujificha. Kila mtu awe na daftari lenye safu tatu: nimeahidi nini, lini, imekuwaje.

Kujijua pia kuna zoezi. Kila ulipopandisha sauti kati ya vikao viwili, andika kilichotokea dakika tano kabla, mwili ulikuwaje, na uliogopa kupoteza nini. Wanaume wengi tunatumia neno moja, hasira, kwa kila kitu. Kiswahili kimetupa mengi: aibu, fedheha, unyonge, wivu, upweke, kinyongo, majuto, hofu. Mtu aliyefedheheka na mtu mwenye wivu wote wanapiga meza, lakini dawa zao hazifanani. Kikao cha pili kizima kitumieni kwenye maneno hayo tu, msione ni mchezo.

Dada_Maendeleo

Kaka Mkazi, hongereni kwa kuanza. Nitagusa fedha, kwa sababu nyumba nyingi zinagombana kwa jina la heshima wakati chanzo ni fedha isiyosemwa.

Chukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wa 300,000 unaorudishwa 390,000 kwa siku 30. Ni 13,000 kila siku, Jumapili ikiwemo. Bodaboda aliyeingiza 32,000 akatoa hesabu 10,000 na mafuta 9,000 anabaki na 13,000, yaani rejesho lenyewe, hakuna hata ya unga. Mke hajui mkopo upo. Anachoona ni mtu anayetoka saa 11 alfajiri, anarudi saa 3 usiku mikono mitupu, na akiulizwa anafoka. Ule ukali unalinda siri. Mkimfundisha mtu huyo "kudhibiti hasira" bila kugusa mkopo, mnapaka rangi ukuta wenye ufa.

Kwa hiyo mada ya tatu au ya nne iwe kikao cha fedha cha nyumbani. Kifanyike mara moja kwa mwezi, ndani ya siku mbili baada ya kupata mshahara, au kwa wa kipato cha kila siku, Jumapili ya kwanza. Dakika 40 zinatosha, watoto wakiwa wamelala, simu pembeni. Kila mmoja aandike peke yake kwanza: kilichoingia, ninachodaiwa na nani, ninachotuma kwa wazazi. Ndipo mbadilishane karatasi. Kuandika kwanza kuna sababu, maana anayezungumza kwa nguvu akianza, mwenzake anarekebisha takwimu zake zisilete ugomvi. Deni lililofichwa likitajwa, kikao cha siku hiyo kiishie kwenye kulijua: kiasi, riba, siku ya mwisho. Mpango wa kulilipa usubiri kesho yake. Wengi huharibu hapa, wanataka msamaha na suluhisho usiku ule ule, na mke anakuwa amebebeshwa deni na kazi ya kumfariji mume kwa pamoja.

Sheria nayo isomwe kikundini, maana wanaume wengi hutaja "mimi ndiye kichwa cha nyumba" bila kujua imeandikwa nini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Kifungu cha 59 kinakataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50, kwa hiyo haya si mambo ya "kisasa" yaliyoletwa juzi.

Jambo la mwisho. Wanaume 9 wakikaa peke yao miezi sita wanaweza kusifiana tu. Mnahitaji kusikia kutoka nyumbani. Lakini msimpe mume fomu aipeleke kwa mkewe, na msiwaulize wake mbele ya waume zao, kwani watasema yote ni mazuri, kwa usalama wao. Tafuteni mwanamke anayeaminika, azungumze nao faragha kwenye kikao cha 4, cha 8 na cha 12, maswali matatu tu: kuna nini amekifanya tofauti, kuna jambo unaogopa kumwambia, kuna uamuzi mlioufanya pamoja mwezi huu. Majibu yarudi kikundini kwa jumla, bila jina. Wakiwa 9 tu mtu anaweza kutambulika kwa tukio, kwa hiyo matukio yasitajwe kabisa.

Msimamizi_Saiti

Naongeza upande wa kazi, kwa kuwa una mafundi.

Saiti inafundisha uongozi haraka kwa sababu kosa linaonekana kwa macho. Chukua zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kibarua anaongeza maji ili lichanganyike kirahisi, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya zege. Fundi mdogo ameliona. Hasemi, kwa sababu wiki iliyopita aliyesema aliitwa mjuaji mbele ya wenzake. Ukali wa msimamizi haukuzuia kosa, ulizuia taarifa za kosa. Wenye ukali huwa hawalioni hilo, kwao saiti iko kimya hivyo wanaamini mambo yako sawa.

Dawa ni mpangilio wa kuzungumza. Asubuhi kabla ya kazi, dakika 10, kila mtu amesimama. Kibarua mdogo kabisa aanze: jana umeona nini ambacho hakikukaa vizuri? Msimamizi awe wa mwisho. Akianza yeye, wengine watarudia maneno yake. Wiki mbili za mwanzo watasema "hakuna". Endelea kuuliza, na siku ya kwanza mtu akitaja kosa, mshukuru kwa jina, halafu nendeni mkalirekebishe palepale. Ukimshukuru usirekebishe, umemwonyesha kwamba kusema ni kazi bure.

Kukosoa: sema kilichofanyika, madhara yake, kinachotakiwa, basi. "Nguzo ya pili kamba haikupimwa, imetoka nje sentimeta 3, boriti haitakaa. Vueni mbao mpime upya." Hakuna "nyie watu" wala "siku zote wewe". Kwa mtu mzima kuliko wewe, mwite pembeni, "mzee wangu, njoo tuangalie hii nguzo", na usimwambie mbele ya vijana.

Ukikosea wewe, omba radhi mbele ya watu wale wale waliokuona ukikosea, siku ile ile. Sentensi nne: nimesoma vibaya mchoro, mmepoteza nusu siku, nusu siku hiyo italipwa, kuanzia kesho mchoro tunausoma wawili kabla ya kuchimba. Neno "lakini" likiingia, radhi imekufa. Na malipo ya Jumamosi yatoke Jumamosi. Kibarua hawezi kukuamini kwa maneno wakati anadai wiki mbili.

Mzee_Mvumi

Mbukwenyi. Nimewasoma wote. Lipo ninalolikubali na lipo linalonikaa kooni.

Linalonikaa kooni ni hili la msimamizi kuomba radhi mbele ya vibarua. Hadhi ya kiongozi ikimwagika haizoleki. Na naona vijana wanafundishwa kuzungumza sana. Zamani kijana alipewa kazi kabla ya maneno. Wa miaka saba alichunga ndama karibu na nyumba, akikua akapewa mbuzi, baadaye ng'ombe na safari ya mbali kutafuta malisho. Kila ngazi ilikuwa na mzigo wake, na mzigo ukianguka kila mtu aliona. Leo kijana ana miaka 25, hajawahi kukabidhiwa kitu ambacho kikipotea ataulizwa yeye. Mtamwekaje kwenye duara mumwambie kiongozi ni mtu wa namna gani?

Mpeni kijana wenu wa miaka 22 kazi ya kweli kikundini. Si kuleta maji ya kunywa. Ashike daftari la ahadi, na mzee wenu akichelewa amwandike amechelewa.

Na wanaosingizia mila kila wanapotaka kumnyamazisha mwanamke, wakumbuke hapa Ugogo ngoma ya muheme wanapiga wanawake. Mila ina vyumba vingi, watu wanaingia kile wanachokitaka.

Msimamizi_Saiti

Shikamoo mzee. La mzigo nalipokea lote. Kuhusu radhi, tutofautishe: anayeomba radhi kila siku kwa kosa lile lile anamwaga hadhi, hapo nakubaliana nawe. Anayeomba mara moja na kosa lisirudi, vibarua wanamletea taarifa mapema zaidi. Wao walishaliona kosa kabla hajasema, na kukaa kimya hakukulificha.

Mzee_Mvumi

Marahaba. Hapo kwenye lisirudi, ndipo penye uzito.

Mkazi_Nkuhungu

Nawashukuru sana, na mzee shikamoo. Nimechukua mengi. Yamebaki mawili yanayonitia hofu kuliko ratiba. La kwanza, mtu akisema kwenye duara kwamba amempiga mkewe, nifanye nini dakika ile ile? La pili, mtu anayeonekana ameanza kuzama: hasemi, anakunywa, anaendesha pikipiki kama hajali. Mimi si daktari. Pia wale watumishi watatu ambao familia ziko Dar, wanasema mambo ya malezi hayawahusu hadi wastaafu.

Muuguzi_Dom

Nianze na la pili, halivumilii kusubiri.

Sonona kwa mwanaume mara nyingi haina sura ya machozi. Inakuja kama hasira za haraka, pombe iliyoongezeka, usingizi wa saa tatu nne, kuacha vitu alivyovipenda, maumivu ya kichwa au mgongo yasiyopata jibu hospitali, na kujiweka hatarini barabarani. Dalili zikikaa wiki mbili au zaidi, usisubiri kikao. Mfuate mkiwa wawili tu, ikiwezekana mkitembea au mkifanya kazi bega kwa bega, maana wanaume wengi huongea vizuri wasipotazamana usoni. Taja ulichokiona: "ndugu yangu, wiki tatu hizi huli na wenzako, na juzi umepita makutano bila kuangalia. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kimya cha dakika nzima kinachosha, kivumilie.

Muulize wazi kama amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, muulize kama ana namna na siku. Akiwa navyo, asiachwe peke yake hata saa moja. Vitu vya hatari viondoke nyumbani siku hiyo hiyo, na kwa wakulima wenu hiyo ina maana ya viuatilifu vya shamba kwanza kabisa: vipelekwe kwa jirani, vifungiwe. Kisha mpelekeni hospitali, mwende naye na mkae naye hadi aonwe. Hapa Dodoma tuna Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na kituo chochote cha afya kinaweza kuanza na kumpa rufaa. Ubaya wa jina la Mirembe mitaani unawazuia wengi. Msimcheke anayekwenda, na msiruhusu neno "mwenda wazimu" kwenye duara lenu hata kwa utani.

La kumpiga mke. Dakika ile watu watafanya moja kati ya mawili: watacheka ili jambo liwe jepesi, au watamvamia kwa mahubiri. Zuia yote. Uliza kwa sauti ya kawaida: ameumia? yuko wapi sasa hivi? watoto walikuwepo? Kama ameumia, kikao kimeisha kwa leo, mtu akahakikishe anafika hospitali. Hali ikiwa mbaya tiba kwanza, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ifuatiliwe bila kuchelewesha matibabu. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndicho pa kuelekeza, na kama ni mtoto aliyeumizwa, namba 116 ni bure.

Kikundi kisiwasuluhishe. Mkimwita mke mbele ya wanaume 9 aeleze, atasema yameisha, na usiku atalipia alichosema. Usimuulize mwanaume "alikukosea nini", kwa sababu swali hilo linamkabidhi sababu. Muulize "ulichagua nini, na ungeweza kuchagua nini". Abaki kikundini ikiwa anakubali jambo hilo limeandikwa na anafuata mpango. Akianza kulifanya ushujaa, aondoke.

Mpango wenyewe ni huu. Kila mwili una ishara zake: meno kukazana, mikono kupata moto, sauti kupanda. Azijue zake tatu. Ya pili ikifika, anasema: "natoka, nitarudi saa 2 na nusu." Anatembea kwa miguu, si pikipiki. Hapiti baa, hampigii mtu simu kumweleza ubaya wa mkewe. Nusu saa inatosha mwili kupoa kidogo. Anarudi saa aliyoitaja, hata kama bado hana la kusema. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaondoka bila kutaja saa, wanarudi usiku wa manane. Kwa aliyebaki nyumbani kuondoka kwa namna hiyo ni adhabu nyingine. Mkewe aelezwe mpango huu siku tulivu, usije ukasikika kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi.

Dada_Maendeleo

Kuhusu watumishi watatu. Kosa la baba wa mbali ni kugeuza simu kuwa mahakama: "umefaulu? mbona mama yako anasema umekosa adabu?" Mtoto akiona jina la baba kwenye simu anajificha. Wapange siku mbili maalumu kwa wiki, saa ile ile. Kila mtoto azungumze naye peke yake dakika 10. Baada ya simu aandike mambo mawili aliyoambiwa, ili simu ijayo aanzie hapo: "lile jeraha la goti la rafiki yako limepona?" Kesi za nidhamu aziachie aliyepo nyumbani, au wakubaliane wazazi wawili kwanza ndipo mtoto aambiwe. Baba akihukumu kwa simu, mama anabaki na watoto wanaojua amri yake inakatiwa rufaa. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar kwa takriban saa nne, kwa hiyo "mbali" imepungua. Akifika Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi asianze kukagua nyumba. Aichukue kazi moja ya nyumbani hadi Jumapili, kwa mfano kupika au kuosha na kuwavalisha wadogo, aifanye mwanzo hadi mwisho bila kuuliza kila kitu kiko wapi.

Na vijana wenu walioajiriwa wanaotarajia mtoto, wakumbusheni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Wengi hawaombi, au wanaziomba halafu wanazimalizia kupokea wageni. Siku tatu hizo ni za kuchota maji, kufua nepi, na kumkinga mama aliyejifungua dhidi ya wageni wasioondoka.

Mwezeshaji_Ipagala

Swali lako la kipimo halijajibiwa. Usipime kwa mahudhurio peke yake, kwani watu wanaweza kuja kwa sababu ya kahawa. Hesabu ahadi. Kikao cha pili na cha tatu nyingi hazitatimia, na hiyo ni kawaida. Angalia sababu zinazoandikwa. Zikihama kutoka "alinikatalia" kwenda "niliogopa kuanza", watu wanasogea. Ahadi zikitimia zote 9 kila mara, ujue wanaahidi vitu rahisi, wapandishieni.

Kipimo cha pili ni wewe mwenyewe. Kuanzia kikao cha 4 uwezeshaji uzunguke, kila kikao mtu mwingine, akijua wiki mbili kabla. Kikao cha 7 usiende kabisa, na usimpigie mtu simu kuuliza kinaendeleaje. Kikianza saa 8 na daftari likajazwa, umefanya kazi. Kisipofanyika, usiwalaumu. Rudi uangalie ni kitu gani ulikuwa ukikifanya peke yako bila wao kukijua: huenda ni kukumbusha watu kwa ujumbe, kufungua darasa, au kumnyamazisha msemaji mmoja. Kikabidhi hicho kwa jina la mtu.

Mkazi_Nkuhungu

Nimeandika yote. Tunagawa vikundi viwili, Jumapili ya kwanza ya Mei saa 8 mchana, darasa la shule ya msingi. Kijana wa miaka 22 anashika daftari la kikundi A. Mimi nitakaa kiti cha mbele ubaoni, mzee mstaafu kulia kwangu, niweze kuwaona wote.

Mwezeshaji_Ipagala

Badili hapo tu, ndugu. Ondoka ubaoni, kaa karibu na mlango ndani ya duara, na mzee akae mkabala na wewe, si pembeni. Akikaa kulia kwako kila atakayesema ataelekeza uso kwenu wawili. Na kijana wa daftari asikae karibu yako, atakuwa anakutazama kabla ya kuandika.